Jinsi ujumbe wa mazingira kutoka kaunti yetu ulivyonigeuza injinia wa maji hapa Dubai

Wakuu, nawasalimu wote, mlio kwenye AC na mlio juani kama mimi.

Nimesoma nyuzi zenu kimya kimya karibu miaka mitatu. Account alinifungulia Mtanzania mmoja tunayeshiriki naye chumba kule camp, Al Quoz, baada ya kuchoka kunisimulia kila uzi kwa mdomo. Mimi ni Mkenya, kwa hiyo Kiswahili kikipinda mahali kinyoosheni taratibu, msikivunje.

Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha na kaunti sitaitaja, maana mama yangu bado anaishi huko na chifu wetu hasahau kitu.

Mimi ni mlinzi. Wakati wa kisa hiki nilikuwa kwenye jengo moja refu la Dubai Marina. Tai shingoni, saa kumi na mbili kwa siku, good morning sir, good morning madam, samahani madam mbwa haruhusiwi kwenye lifti hii. Kazi ya halali na sina aibu nayo. Au niseme nilidhani sina aibu nayo, mtaona mbele.

Nyumbani nimemwacha mama, na dada yangu Nekesa ambaye ameolewa kijiji cha jirani.

Mama ana kisima. Marehemu baba alikichimba kwa mikono yake, hatua chache kutoka kwenye kijito, na watu walikuwa wakija kuchota hata kutoka ng'ambo kwa sababu maji yake yalikuwa matamu.

Kisha kiwanda cha ngozi kikafunguliwa huko juu.

Kijito kikaanza na povu. Baada ya povu ikaja harufu, na baada ya harufu maji yakawa na rangi ya strungi, ile ninyi Watanzania mnaita chai ya rangi. Mbuzi wawili wa mama wakatupa mimba mwezi mmoja. Maji ya kisima yenyewe yalibaki meupe, lakini mama akasema yana ladha ya msumari.

Akaacha kuyanywa. Akawa anapanda kilima hadi chemchemi ya upande wa pili na kurudi na mtungi, na magoti ya mama zetu mnayajua yalivyo.

Mama si mtu wa kelele. Alichukua chupa ya juisi, akaiosha, akajaza maji ya kisima, akapanda boda mpaka ofisi ya mazingira ya kaunti, akaomba yapimwe.

Wakampokea vizuri sana. Kwenye kupokea hatuna mpinzani.

Wakamweleza kwamba serikali kuu ilitoa ruzuku ya kuzipa nguvu ofisi za mazingira za kaunti. Ruzuku hiyo ilishaleta mashine ya kupima maji, tena ya kisasa. Wakamwonyesha. Ilikuwa kwenye boksi lake, haijakatwa hata utepe, na juu ya boksi kuna thermos ya chai na vikombe vinne.

Mama akauliza, sasa mbona haifunguliwi?

Akaambiwa ruzuku ina masharti yake. Mashine haiguswi mpaka wahusika wapate mafunzo, na mafunzo yako njiani. Chupa yake ikaandikwa namba, ikawekwa dirishani, na yeye akarudi nyumbani.

Ndiyo maana kila Jumapili nikipiga simu, baada ya salamu mama alikuwa na swali moja. Sio nitatuma nini, sio nitaoa lini. Swali lake lilikuwa, "Baba, maji ya kisima ninywe au nisinywe?"

(Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la babu yangu mzaa mama.)

Na mimi nikawa namjibu, usinywe kwanza mama, subiri wapime.

Sasa sikilizeni.

Tuna group la WhatsApp la watu wa kaunti yetu tulioko Emirates. Kazi yake kubwa ni michango ya matanga na kubishana siasa. Siku moja mwenyekiti akaweka tangazo kwa herufi kubwa: UJUMBE WA MAZINGIRA KUTOKA KAUNTI UNAKUJA DUBAI KWA BENCHMARKING NA MAFUNZO YA KUPIMA UBORA WA MAJI. WANACHAMA MJITOKEZE KUWAPOKEA.

Wakuu, nilifurahi mpaka nikasimama. Haya ndiyo yale mafunzo! Watu wa kufungua boksi wanakuja, tena wanakuja kwangu!

Nikampigia mama siku hiyo hiyo, hata Jumapili sikungoja.

"Wanakuja kufanya nini huko?" akauliza.

"Benchmarking, mama."

"Benchi? Kwani mbao zimeisha huku?"

Nilicheka sana. Leo nikikumbuka, naona mama alielewa mapema kuliko mimi. Watu walikuja kukaa.

Walikuwa saba. Mkurugenzi wa mazingira mwenyewe, mwanaume mpole mwenye sauti ya mchungaji. Waheshimiwa wawili, wawakilishi wa wadi. Mhasibu. Na watatu ambao mpaka leo sijui kazi yao, ila mmoja alikuwa akimbeba mheshimiwa begi na mwingine alikuwa akimwita mheshimiwa huyo huyo "shemeji".

Nilimweleza Mkurugenzi habari ya chupa ya mama, kisha nikamuuliza, yuko wapi fundi wa maabara, yule atakayeitumia mashine?

Akaniambia kwa upole kabisa, "Yule kijana hakuwa na passport."

Basi.

Walitua Alhamisi jioni. Ratiba yao niliiona, imechapwa vizuri, na nembo ya kaunti juu. Ijumaa asubuhi, kutembelea ofisi za mazingira. Ijumaa mchana, maabara ya maji. Jumamosi, mtambo wa maji taka wa jiji. Jumapili alfajiri, uwanja wa ndege.

Mlioko huku mmeshaanza kucheka, najua.

Kwa wasiojua: wakati ule wikendi ya hapa ilikuwa Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kazi. Kwa maneno mengine watu saba walipanda ndege na ruzuku ya mazingira, wakafika Dubai ofisi zinafungwa, wakapanga kuondoka siku zinapofunguliwa. Hata ungelipwa kupanga hivyo usingeweza kupatia vizuri namna ile.

Ijumaa ilikuwa off yangu. Niliwafuata hotelini kwao Al Barsha nikiwa nimenyoosha shati. Nikamkuta Mkurugenzi amekaa lobby na faili mapajani, anapiga simu za ofisi moja baada ya nyingine, na kila simu inajibiwa na sauti ya mashine. Ya kwanza Kiarabu, halafu Kiingereza, halafu tuut.

Nilipomweleza habari ya Ijumaa, alinitazama kama mimi ndiye niliyeitunga kalenda.

"Na hakuna mtu anaweza kutufungulia kidogo?" akauliza mheshimiwa mmoja, yule mnene. "Waambie ni delegation."

Nikasema mheshimiwa, huku hata delegation inalala Ijumaa.

Hawakuhuzunika muda mrefu. Kuna mall kubwa pale karibu, ina theluji ya kutengenezwa ndani, watu wanateleza huku nje joto linapasua ngozi. Mheshimiwa mnene akakodi jaketi, akaingia, akatoka na pua imekuwa nyekundu na furaha tele. Mhasibu akaandika kwenye daftari lake. Nilichungulia. Aliandika: "Ziara ya mabadiliko ya tabianchi."

Naapa, wakuu. Hiyo si ofisi ya mazingira, hiyo ni ofisi ya mazingaombwe.

Jumamosi nilikuwa duty. Saa nne asubuhi simu ikaita, Mkurugenzi.

Sauti ilikuwa ya chini. Akanieleza shida yake. Ruzuku ile ina awamu mbili. Ili kaunti ipate ya pili, lazima ripoti ya awamu ya kwanza ipelekwe serikali kuu, na ripoti lazima iwe na picha za mafunzo. Picha za theluji hazitafaa. "Kijana wangu," akasema, "jengo lenu halina hata kamtambo kadogo?"

Lilikuwa nao. Chini kabisa, basement ya tatu, kuna mtambo unaosafisha maji machafu ya jengo, ya masinki na mabafu, na choo pia kimo, yakamwagilie bustani ya nje. Ufunguo uko kwa fundi wa jengo, Biju, mtu wa Kerala, rafiki yangu wa kugawana chapati.

Nikamwambia Mkurugenzi haiwezekani, mtu wa nje haruhusiwi kule bila kibali, nitafukuzwa kazi.

Akauliza, "Mama yako ndiye yule alileta chupa?"

Hapo ndipo aliponikamata.

Nikasema ndiye.

"Basi tusaidiane. Tukirudi nafungua ile mashine mwenyewe. Maji ya mama yako yatakuwa ya kwanza kupimwa. Kwa mkono wangu."

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo nilivyojiambia. Nikamwachia dawati Kato, Mganda tuliyekuwa naye zamu. Akanitazama, akasema, "Banange, we unatafuta ticket ya kurudi kwenu." Sikumsikiliza. Nikashuka kwa Biju.

Biju alikubali kwa dakika kumi tu na kwa sharti kwamba yeye hatokei kwenye picha yoyote. "Photo no, my friend. Photo come, job khalas." Mtu mwenye akili.

Wakashuka wote saba, waheshimiwa wakiwa wamevaa suti. Biju akatoa helmeti nne na vesti za njano, wakagombania. Wakapiga picha wakielekeza vidole kwenye mabomba. Wakapiga wakitikisa vichwa. Mkurugenzi akapiga ameshika spana, na sijui spana inahusiana vipi na kupima maji.

Kisha akagundua kuna pengo. Mafunzo lazima yawe na mwalimu. Biju keshakimbilia nyuma ya pampu.

Macho yote yakanigeukia mimi.

Nikavuliwa tai. Nikavuliwa kofia ya ulinzi na vile vitambaa vya begani. Nikavishwa helmeti nyeupe ya Biju, ambayo huku nyeupe ndiyo ya mabosi, na vesti, na kalamu mfukoni. Biju akafungua kabomba kadogo ka sampuli, akajaza jagi la kioo, wakaniambia lishike juu, hivi, kama unawaeleza.

Maji yalikuwa meupe kabisa. Ungeyaona usingejua yametoka wapi.

Ukutani nyuma yangu kulikuwa na kibao chekundu: TREATED WATER, NOT FOR DRINKING. Chini yake Kiarabu, maneno hayo hayo. Wakajipanga kandokando yangu, mheshimiwa mnene akasogea mpaka kichwa chake kikagota kibao, na shemeji mtu akapiga.

Nilionyeshwa picha kwenye simu. Wakuu, niseme ukweli, nilijiona mtu. Nimekaa huku miaka minne na sijawahi kujiona hivyo.

Wiki iliyofuata supervisor akaangalia CCTV. Nikaandikiwa warning letter na kuhamishwa Jumeirah Village Circle (JVC), kwenye geti la nje, kibanda cha plastiki na feni inayopuliza joto. Kato akabaki na AC. Nikajipa moyo kwamba angalau maji ya mama yatapimwa.

Nikampigia Mkurugenzi. Aliniambia wanaandika ripoti. Nikapiga tena, wanaandika ripoti. Baadaye akawa hapokei.

Miezi mitatu ikapita.

Jumapili moja mama ndiye aliyepiga. Mama hajawahi kupiga, huwa anabip. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Baba! Mbona hukuniambia umepandishwa?"

Nikauliza kupandishwa wapi.

Kumbe kaunti ilikuwa imeitisha baraza kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watu wa kijijini walikuwa wametishia kuandamana kuhusu kiwanda cha ngozi, basi ofisi ya mazingira ikaja kuwatuliza. Wakaja na banner ya rangi, kubwa kama ukuta wa nyumba. Na kwenye banner nani? Mimi hapa. Helmeti nyeupe, jagi juu. Chini imeandikwa jina langu, na mbele ya jina, Injinia. "Mtaalamu wetu wa maji, Dubai."

Yule mheshimiwa mnene akashika maikrofoni akasema, kijana wenu huyu hapa, mzaliwa wa hapa hapa, ameshatufundisha, na maji anayoshika mnayaona yalivyo. Watu wakapiga makofi. Mama akasimamishwa, akashangiliwa.

Nekesa alinitumia picha ya banner baadaye. Nikaikuza kwenye simu. Kile kichwa cha mheshimiwa kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya neno NOT. Kibao kimebaki TREATED WATER, FOR DRINKING.

Kiarabu cha chini kilikuwa kinaonekana chote. Kuna ustadhi mmoja ana duka la nguo sokoni, akasimama akasema jamani, hapa pameandikwa hayanyweki. Akajibiwa kwamba hicho ni Kiarabu cha Dubai, si kile cha madrasa. Akaketi.

Hadi hapo mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka kuhusu ustadhi.

Lakini rudini kwenye ile simu. Mama alikuwa anaongea bila kupumua. Majirani wamekuja kumpa mkono. Yule mama ambaye mwanawe ni mwalimu, aliyekuwa akisema kila siku kwamba mimi nafungulia Waarabu mlango, leo amemletea ndizi. Mama anacheka, mimi niko kwenye kibanda JVC na jasho linanitiririka mgongoni, na ninamsikia mama yangu anacheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba.

Kisha akauliza.

"Sasa baba, kwa hiyo maji ni mazuri? Ninywe?"

Wakuu, pale palikuwa pa kusema mama, mimi ni mlinzi yule yule, na lile jagi ni maji ya choo. Maneno machache tu.

Nikasema, "Inshallah, mama."

Mnaoishi huku mnalijua hilo neno tulivyolichakaza. Ukimwuliza arbab, yaani bosi, habari ya likizo, inshallah, na unajua likizo imekufa. Ukimwuliza wa HR kuhusu kuhamishwa, inshallah, na unajua utazeekea pale pale. Ni neno la Mungu, lakini sisi tumeligeuza pazia la kujificha usiseme hapana. Mimi nilikuwa nimelizoea mdomoni kama yalla, ile "twende" ya huku. Nilidhani nimemjibu bila kumjibu.

Mama si mtu wa Dubai. Mama ni mkristo wa kanisa la mabati, na neno la Mungu kwake ni neno la Mungu. Akasema, "Mungu akipenda. Basi ameshapenda, ndiyo maana wewe umefika hapo." Akakata simu kwa furaha.

Jumapili iliyofuata sikumsahihisha. Ile nyingine pia. Alikuwa ananiita injinia, na mimi naitika. Nilijiambia hajaanza kunywa, bado anapanda kilima. Sikuuliza. Ningeuliza ningejibiwa.

Alikunywa wiki saba.

Nekesa ndiye aliyenipigia, mchana, nikiwa getini. Mama ametapika siku nne, mdomo umejaa vidonda, mikono imetoka mabaka na hawezi kushika hata kikombe. Wamemlaza hospitali ya mjini, ana dripu. Daktari swali lake la kwanza lilikuwa, anakunywa maji gani?

Niliuliza kijinga, "Si alikuwa anachota chemchemi?"

Nekesa akasema, "Aliacha. Alisema umemwambia anywe."

Gari la madam mmoja lilikuwa linapiga honi nifungue geti, na mimi nimeshika simu tu.

Nekesa ana moto kuliko mimi. Mama alipopata nafuu kidogo, alienda ofisi ya mazingira na chupa nyingine, akaiweka mezani kwa kishindo. Wakampokea vizuri sana. Wakamweleza kwamba ruzuku ya awamu ya pili imekubaliwa, ripoti ilipendwa, picha hasa. Na kwa kuwa Dubai haikutosha, kuna mafunzo ya pili, wanasubiri visa. Mashine je? Mashine ipo, dada, usiwe na wasiwasi, iko salama.

Mnaweza kuwalaani, nami nitaitikia amina. Nimewalaani mimi kwa lugha nne, na Biju kanisaidia ya tano.

Lakini nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya langu miezi yote hiyo nikiwacheka wenzangu. Wao walihitaji picha wapate ruzuku. Mimi nilihitaji nini? Nilihitaji kuitwa injinia na mama yangu Jumapili kwa Jumapili, na nikalipia kwa maji yake.

Siku mama aliporudi nyumbani nilipiga. Niliomba Nekesa ampe simu na atoke nje.

Nikamwambia yote. Nikaanza na Ijumaa na ofisi zilizofungwa, basement, helmeti ya Biju, jagi, na maji ya choo. Nikamwambia mama nisamehe, mimi si injinia, sijawahi kuwa injinia, mimi ni mlinzi tu na sasa hivi niko kwenye kibanda cha geti. Nilikuwa nalia, sifichi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa bado na vidonda, alikuwa anaongea taratibu.

"Kwamba wewe ni mlinzi najua. Ulinitumia picha mwaka ule wa kwanza, na kofia yako. Hao majirani nilikuwa nawaringia tu."

Nikasema mama...

"Mimi sikukuuliza kazi yako, baba. Nilikuuliza maji."

Wakuu, tangu siku ile nimesimama geti hilo mchana wa joto, nimetukanwa na madereva, nimekatwa siku za kazi, na hakuna lililoniuma kama hayo maneno. Kwa sababu hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayeeleza kitu kidogo ambacho mwenzake hakukielewa.

Funzo nililopata si kwamba serikali zetu zinakula ruzuku. Hilo mtoto wa nursery analijua. Ni kwamba mtu anayekupenda akikuuliza ndiyo au hapana, mpe moja kati ya hizo mbili. Usimpe neno lenye milango miwili halafu utoke kwa mlango wa nyuma. Mkurugenzi alimdanganya mama yangu kwa banner kubwa kama ukuta, na mama hakumwamini. Alikuja kuniuliza mimi kwanza.

Mama yuko nyumbani, anakula, nywele zimekatika mbele lakini zinaota. Nekesa anamletea maji ya chemchemi kwa punda. Kisima kimefunikwa kwa mabati.

Jumapili bado napiga. Ananiuliza kama nimekula, kama joto limepungua, kama yule Mganda mwenzangu ameoa. Habari ya maji haniulizi tena. Anamwuliza Nekesa.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye kuujua utaratibu wa kumlazimisha mtu wa ofisi ya mazingira apime maji, atuelekeze. Mwenye tusi langu aliweke pia, nitayasoma yote nikitoka duty. Na kama kuna kitu mzazi wako alikuuliza ukamzungusha, kabla hujanicomment, mpigie kwanza.